Nani Kaona kwa Macho?

Fundi wetu wa programu za mitambo, tunayemwita Shangazi, haiamini skrini hata ikimtajia jina lake mwenyewe. Kompyuta ikisema vali ya bomba imefunguka, huuliza kwa sauti ya chini, "Nani kaona kwa macho?" Kisha hupanda ngazi, akaligusa bomba kwa mgongo wa kiganja kama mama anayepima homa ya mtoto, akashuka akijifuta mikono kwenye suruali iliyochakaa mapajani. Mumewe anasema hata nyumbani chumvi ya mboga lazima ionjwe na watu wawili.

Jumatatu mtambo wa sabuni ulisimama mara tatu. Kila mara programu iliamuru vali kubwa ifunguke, ikangoja swichi iliyo juu yake ijibu kwamba imefunguka, na jibu halikuja. Msimamizi akaja juu. "Futa hiyo sehemu ya kungoja jibu. Programu yako inatupotezea siku." Shangazi akasema, "Sawa, mzee. Nikaone kwanza." Nilimshikia ngazi, nikamwona kule juu mabega yakimtikisika kwa kicheko. Vali ilikuwa wazi kabisa, ila mtu alikuwa ameanika koti juu yake, na koti limekikandamiza kijiti cha swichi. Mfukoni mlikuwa na kitambulisho cha msimamizi. Alilikunja vizuri, akashuka nalo kwapani, akalitundika mlangoni kwa mwenyewe, na mtambo ukanguruma. Kwenye ripoti aliandika, "Swichi ilizuiwa na kitambaa." Msimamizi aliisoma mara mbili. "Kitambaa gani?" Shangazi akajibu, "Kimeshakauka, mzee."