Mlinzi wa Mkia wa Dunia

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nilikuwa nimekuja kuandika habari, nikapita na pikipiki hadi ndani ya ua, nikaiegesha chini ya mparachichi, nikatabasamu kama mgeni aliyechinjiwa kuku.

"Toa hiyo kitu hapa!" Janeffer Chepkosgei anakuja mbio kutoka zizini. "Simu pia, funguo pia. Hata mshipi uache kwa geti!"

Nabaki na kalamu mkono mmoja, suruali nimeishikilia kwa mwingine.

Anacholinda hakionekani. Ni kifaa kilichozikwa kando ya majani chai yake hapa Bomet, na kazi yake ni kuhisi sumaku ya dunia ikitikisika. Chuma kikisogea karibu, kipimo kinaharibika. Ndiyo maana nyasi za hapo hazifyekwi kwa panga. Zinaliwa na kondoo wawili.

"Na hao kondoo nimewanyima kengele," anasema akicheka.

Mtafiti aliyekizika, Dkt Phanice Mogaka, alinieleza baadaye kwa simu. Upepo wa jua huivuta sumaku ya dunia upande wa usiku mpaka inakuwa mkia mrefu. Mkia ukivutika kupita kiasi hufyatuka, na mikondo ya plazma, yaani gesi ya moto yenye umeme, hutimka kuja kwetu mamia ya kilomita kwa sekunde.

"Huku chini tunapata mtikisiko mdogo sana," alisema. "Gari moja linaufunika wote."

Mwaka huu vipimo vimeharibika mara tatu. Ya tatu ni yangu. Ikitokea tena, kifaa kitahamishiwa Chebunyo, na Chepkosgei, mjane, atapoteza mshahara unaolipa karo.

"Tukifika Desemba salama, wataniongeza miaka minne," anasema. "Mwanangu Nelvine atakuwa amemaliza sekondari."

Giza likianza kuingia, shemeji yake Kipngeno anapiga honi getini. Pikapu imejaa magunia ya majani. Barabara ni matope matupu, na lori la kiwanda liko karibu kuondoka kituo cha kupimia chai. Njia ya mkato inapita kando ya kifaa.

"Shemeji, fungua. Napita tu mara moja."

"Beba na mgongo."

"Magunia yote haya? Huo mkia wako uko juu huko, mimi niko hapa kwa matope. Wapi na wapi?"

Chepkosgei haligusi geti.

"Kipngeno, hiki changu pia ni mizani. Karani wa chai akiliinua gunia lako kwa goti likiwa kwa mizani, kilo zipungue, wewe huwa unanyamaza?"