Kisa cha Kwetu

Gundi ya unga inapochemka jikoni kwangu, narudi kimawazo mtaani Langas nilikokulia, kwa mzee aliyewaazima watoto vitabu na kukusanya historia ya mtaa. Kabla ya kuchukua kitabu, ilibidi umletee kisa cha kwenu kutoka kwa mtu mzima wa nyumbani.

Mama hakupenda kusimulia. "Tulitoka ziwani, basi."

Mimi, mwoga wa kukosea, niliirudia sentensi hiyo njia nzima.

"Basi?" mzee aliuliza, akibandika jalada la kitabu kwa gundi ya unga. "Nani aliwasindikiza?"

Sikujua. Machozi yakanitoka, nikijua kitabu nimekikosa.

Akanipa kitabu hata hivyo. "Kamsomee mama. Kisa utaleta."

Nilimsomea akichambua maharagwe. Ukurasa wa pili akanikatiza.

"Ngoja kwanza. Siku tuliyoondoka, nyanya yako alikimbia nyuma ya lori lililotubeba, kuku mkononi."