Nilipiga Mlima kwa Fifti

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine husema hivyo kwa kujisifu. Mimi nasema kwa sababu ndivyo ilivyo: nikifika Malili najiona nimesafiri, na nikilala nje ya Matiliku tumbo huniuliza tumefuata nini huko. Nilimaliza kidato cha nne, nikanunua kamera, nikawa mpiga picha wa arusi na harambee za kanisa, kazi isiyonitoa mbali na sufuria ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa. Siku hizi kila mgeni wa arusi ana simu. Mimi nimebaki na kamera, na lensi moja.

Sikuichagua. Nilikuwa na nyingine, ya kuvuta, ile unayozungusha na kitu cha mbali kinakuja karibu. Ilianguka kwenye arusi, na bwana arusi akaikanyaga akicheza. Iliyobaki ni fifti, ya milimita hamsini. Waliosomea kazi hii huiita lensi ya kawaida, maana huona karibu kama jicho la mtu: haivuti kitu, wala haikisukumi mbali. Ukitaka kitu kiwe kikubwa, unakiendea kwa miguu. Ukitaka kienee, unarudi nyuma kwa miguu. Kwa mtu anayependa kiti chake, hiyo si lensi, ni adhabu.

Mama yangu, tunayemwita Mwaitu kama Wakamba wote wanavyowaita mama zao, aliolewa hapa Makueni akitoka Kitui, ng'ambo ya mto Athi. Alivunjika nyonga, na barabara ya kwao haimtaki tena. Kisha ikaja presha ya macho. Daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba mwanga unaopotea haurudi. Mwaitu hakulia. Alisema anataka kitu kimoja tu, kuuona mlima wa kwao kabla macho hayajazima.

Ndugu yangu wa Nairobi alipita huko akienda matanga, akaupiga kwa simu. Alisimama langoni na kila kitu kikaingia: mbingu, ng'ombe, paa la kanisa, mlima. Tukaichapisha kubwa. Mwaitu akaiweka karibu na pua.

"Hiki kichuguu ni cha nini?"

"Ni mlima, Mwaitu. Mlima wa kwenu."

"Mlima wa kwetu ulikuwa umetusimamia kichwani. Huu umekaa huko nyuma kama mtu aliyefukuzwa mezani."

Hapo ndipo nilipojifanya mjuzi. Nikamweleza kwamba simu huona upana mno, hukusanya kila kitu, na ikishakusanya, cha mbali hupungua. Nikamwambia fifti yangu ingeuacha mlima na ukubwa wake, vile alivyouona akiwa msichana.

"Basi nenda."

"Mimi?"

"Sasa hiyo fifti itajipeleka?"

Nikaenda. Mjomba, ndugu mdogo wa Mwaitu, ndiye aliyebaki na shamba la babu, na mlima unaanzia nyuma ya nyumba yake. Alinipokea vizuri sana, na hilo ndilo huniuma zaidi nikikumbuka. Chai, chapati, maneno.

"Kumbe wewe hutembea! Nilidhani umeshatoa mizizi huko Matiliku. Bado hujaoa?"

"Natafuta, mjomba."

"Unatafuta ukiwa umekaa wapi? Kitandani?"

Nikamwambia nimetumwa picha ya mlima, basi. "Piga hata mia," akasema. "Huo hauishi."

Asubuhi nikaweka kamera uani. Fifti ikanionyesha bega la mlima na kipande cha choo. Nikarudi nyuma mpaka zizini: bega na nusu ya kichwa. Nikashuka tuta moja la fanya-juu, yale ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, nikasimamisha stendi yangu ya miguu mitatu, nikachungulia, nikatikisa kichwa, nikashuka lingine. Hivyo ndivyo nilivyolipita shamba zima kinyumenyume, jicho kwenye kamera, mgongo ukitafuta miiba. Kule chini kabisa, karibu na mto mkavu, mlima ulikubali. Hata huko haukuingia wote. Nikasimamisha kamera wima na kuupiga vipande, kushoto, katikati, kulia, nije niviunganishe baadaye kwenye kompyuta. Kazi hiyo inataka stendi isisogee hata kidogo. Kichwa cha kamera pekee ndicho kinachogeuka, polepole.

Na bado sikuridhika. Mwaitu alikuwa ameniambia walikuwa wanateka maji jioni, na jioni mlima ule hugeuka mwekundu, kama udongo uliomwagiwa maji. Asubuhi ulikuwa wa kijivu tu. Kwa hiyo nikaamua kurudi jua likishuka, nisimame palepale. Nikaweka jiwe chini ya kila mguu wa stendi, kisha nikachomeka kijiti kando, nisipapoteze. Niliyapenda yale mawe. Nilijiona mtaalamu.

Sasa simama huko juu alikosimama mjomba, utazame. Kijana wa dada yake, aliyekuja ghafla baada ya miaka mingi, anashuka shamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Anasimama kila tuta. Anachungulia kwenye mashine ya miguu mitatu. Anaigeuza kushoto na kulia. Akifika pembeni kabisa, anapanga mawe na kuchomeka kijiti.

Alishuka na majirani wawili na bakora.

"Hiyo kitu ya miguu tatu ni ya nini?"

"Ya kushika kamera, mjomba. Isitikisike."

"Na hayo mawe?"

"Ni alama tu. Nirudi hapahapa jioni."

"Alama." Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Ameweka alama."

Jirani mmoja, mtu wa heshima aliyekuwa amenisalimia vizuri asubuhi, akaniuliza kwa upole, "Lakini mbona utembee shamba yote? Simu ya mtoto wangu hupiga kila kitu ukiwa umekaa."

Ningeweza kujibu chochote. Ningesema kamera ni mbovu. Ningesema mimi ni mjinga, na wangekubali bila ubishi. Mimi nikasema ukweli wa kazi yangu:

"Sina nyingine, mzee. Mimi nina fifti tu. Fifti inanitosha, mradi nipewe nafasi."

Kwa mwenye shamba, fifti haina maana mbili. Ni fifti kwa mia, futi hamsini kwa futi mia, ploti, kama zile zinazouzwa huko Malili kando ya barabara kuu. Mjomba alikitazama kijiti changu.

"Fifti inakutosha," akasema. "Na mama yako, yeye anataka fifti ngapi?"

"Mwaitu hana fifti, mjomba. Hii ni yangu."

Jirani wa pili akacheka, kicheko ambacho si cha kucheka nacho. Hapo ndipo akili yangu, inayochelewa kama mwenyewe, ilipofika. Nikaanza kueleza mbio mbio. Nikaitoa lensi, nikamwonyesha nambari zilizoandikwa pembeni ya kioo.

"Tazama, mjomba, imeandikwa. Hamsini! Ni jina la kioo!"

Akaishika, akaisoma, akanirudishia.

"Kwa hivyo mashine yenyewe imeshasetiwa."

Niliposikia hivyo nilijua nimekwisha. Mjomba akayaokota mawe yangu, akayatupa mtoni bila hasira, kama mtu anayepembua maharagwe. Akang'oa kijiti. Kisha akampigia Mwaitu simu mbele yangu.

"Dada, ungeniambia kwa mdomo. Mimi ni mtu wa kusikia. Lakini kutuma kijana aje kunywa chai yangu halafu apime! Hiyo katiba ya mabinti kurithi imewaharibu. Mlipewa bwana, mkapewa na katiba, na bado."

Sauti ya Mwaitu ilitoka kwenye simu ikiwa ndogo. "Nimetaka mlima! Nimetaka kuona mlima tu!"

"Mlima uko ndani ya shamba," mjomba akasema. "Ukija tena huku, njoo na wakili."

Nikapewa mkoba wangu. Mke wa mjomba alinifungia chapati zilizobaki, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akifukuzwa, nami nilizila zote kabla ya kuvuka Athi. Jua lilishuka nikiwa njiani, na mlima ukawa mwekundu bila mimi, kama kweli uligeuka.

Nyumbani niliviunganisha vile vipande. Sitaficha: ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Hakuna kilichosukumwa mbali. Mlima umejaa, umesimama, ukiutazama unataka kusogeza kiti. Nilienda mjini Wote ikachapishwa kubwa, nikamletea Mwaitu mlangoni penye mwanga. Nikasimama kando kusubiri uso wake.

Akaiweka karibu na pua. Akaanza kushoto, akaenda kulia, taratibu, lakini chini, ukingoni kabisa mwa karatasi.

"Hapa ni wapi?"

"Hapo ni matuta ya mjomba. Tazama juu, Mwaitu."

"Na shamba linaishia wapi?"

"Mwaitu. Mlima. Uko juu."

"Mlima niliuona nikizaliwa," akasema. "Wao wamesema nimetaka shamba. Sikuwa nimetaka. Sasa nataka. Hata mimi nilizaliwa na baba yao."

Nilijaribu mzaha. Nikamwambia atakuwa mwanamke wa kwanza kupata ploti kwa sababu ya bwana arusi asiyejua kucheza. Hakucheka. Aliniambia nimpigie wakili wa Wote, nami nikampigia, kwa sababu katika nyumba hii kazi ya kukaa karibu na simu ni yangu.

Jicho la kushoto limeshazima. La kulia linaona kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Picha iko ukutani, naye huniita nimsomee, kama wengine wanavyosomewa Biblia. Mimi huanza na mlima, maana ndio uliochosha miguu yangu. Namwambia jinsi bega lilivyo, mahali miti ilipokatwa, ufa wa jiwe unaoonekana kama mlango. Ananipiga mkono.

"Teremka."

Nateremka. Tuta, tuta, miiba, mchanga.

"Hapo. Hapo panatosha nyumba ya vyumba viwili. Mlango uangalie mto."

"Mlango ukiangalia mto, Mwaitu, mlima utakuwa nyuma yako. Hutauona."

"Ndiyo," akasema. "Endelea. Jirani wa hapo ni nani?"