Sista Plasta na Masaa Manne ya Kweli

Alizaliwa tarehe nne Machi mwaka 1961, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha baba yake, fundi viatu, akiwa mtoto wa tano kati ya saba. Wapo watakaowaambia kwamba alikuwa mpole tangu tumboni mwa mama yake. Hilo ni changa la macho. Alikuwa na ulimi mkali na subira fupi, na hata alipoingia utawani akiwa na miaka ishirini na mitatu, dada zake walikuwa bado wanamwogopa mezani. Kwa baba yake alijifunza kukata ngozi, kushona kwa uzi uliopakwa nta, na kutomrudishia mteja kiatu ambacho bado kina msumari unaochoma. Wito wake haukuja kwa ndoto wala kwa sauti kutoka juu. Mwenyewe alisimulia kwamba alimwona mtawa mmoja mzee akimlisha mgonjwa uji bila haraka yoyote, akajua papo hapo kwamba yeye hawezi kufanya vile, na jambo hilo likamkera mwaka mzima mpaka akaenda kubisha hodi.

Miaka sita ya kwanza aliwekwa jikoni, akagombana na kila aliyeshika mwiko. Mwaka 1990 Mama Mkuu alichoka. Akamhamishia kwenye nyumba ya watoto wenye ulemavu, akamwambia kwa mzaha, "Huko gomba upendavyo, mwanangu. Wengi wao hawasikii." Baadaye Mama Mkuu aliujutia mzaha ule, lakini Sista aliwahi kukiri kwamba siku hiyo alicheka.

Nyumba ile ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye vitanda vya mbao ishirini na viwili, madirisha ya wavu, na harufu ya sabuni na uji uliopoa. Mlezi mkuu alikuwa mjane aliyekwisha kufanya kazi pale miaka kumi na miwili. Wote walimwita Shangazi. Ndiye aliyemfundisha mtawa huyu kumgeuza mtoto bila kumvuta mkono, kumlisha kichwa kikiwa kimeinuliwa, na kutambua kilio cha maumivu na kilio cha kuchoka tu. Walikunywa chai kwenye benchi moja kwa karibu miaka ishirini, wakibishana kama wake wenza, na hakuna aliyethubutu kuingia katikati yao.

Mwaka 2008 aliletwa mtoto wa kike wa miaka miwili, mwenye uso mzito wa mtu aliyekwisha kuona mengi, na ndiyo maana walimwita Bibi. Mikono na miguu yake ilikakamaa, kichwa kililalia bega la kulia, macho yaliona vivuli tu, na masikio yalikuwa mazito mno. Kutwa nzima alitafuna ngumi yake. Sista alimbeba mpaka kliniki ya masikio kumwombea vifaa vya usikivu, akakaa kwenye benchi kuanzia asubuhi. Mtaalamu wa masikio, mama mmoja mwenye haraka ila asiye na roho mbaya, alimpima mtoto, akavua miwani. "Sista, huyu hatatembea, na sidhani kama ataongea. Kifaa kitamsaidia nini?" Sista akajibu neno moja: "Kusikia." Alirudi wiki iliyofuata na nyingine baada ya hiyo, hadi Januari 2009 mtaalamu alipokubali kwa sharti. Vifaa vilikuwa vichache, na watoto waliokuwa wakisubiri wengi. Ndani ya kila kifaa mlikuwa na kumbukumbu iliyohesabu muda kilichowashwa. Baada ya miezi sita kingechomekwa kwenye kompyuta, na wastani ukiwa chini ya masaa manane kwa siku, vifaa vingepewa mtoto anayefuata.

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Wiki ya kwanza Bibi alivivaa dakika arobaini kwa siku. Sista alivibandika nyuma ya masikio kwa plasta, ndipo alipopata jina lake, lakini ngozi ya mtoto ikawa nyekundu. Akashona kofia laini ya pamba yenye vifuko pembeni. Mate yakalowesha kofia. Kila kichwa kilipolalia kiti, kifaa cha kulia kilipiga mluzi mkali na mtoto akalia, na walezi wakasema kinamuumiza, kivuliwe. Sista alikiweka kifaa kile kwenye sikio lake mwenyewe, akaegemea kiti cha Bibi, akausikia mluzi ule mpaka meno yakamuuma. Siku hiyohiyo alichukua kisu cha baba yake, akakata shimo kwenye mto wa kiti, pale sikio lilipolalia, na mluzi ukakoma. Halafu likaja sikio linalotoa usaha, wiki mbili za kukaa bila kifaa. Ikaja degedege. Kila siku aliandika kwenye daftari masaa yaliyopatikana na sababu ya yaliyopotea, na hakujipendelea hata kwa robo saa.

Mwezi wa tatu, asubuhi, alikuwa mlangoni akimgombeza mpishi kwa sababu ya uji ulioungua, pale Shangazi alipomvuta nguo. Bibi alikuwa ameacha kutafuna. Ngumi ilikuwa hewani, imelowa, na mwili wote umetulia. Sista alinyamaza, ngumi ikarudi mdomoni. Akagomba tena, ikatoka. Mpishi alipoelewa kinachoendelea alimchokoza makusudi ili asiishiwe maneno, na ugomvi ule ukaendelea nusu saa nzima, huku Shangazi akifuta machozi kwa kanga. Mtoto aliyekuwa peke yake tangu azaliwe alikuwa amepata mtu chumbani.

Tangu siku hiyo Shangazi alikula kiapo moyoni kwamba vifaa vile havitoki kwenye nyumba ile. Kila jioni Sista alipovivua na kuviweka kwenye kopo, Shangazi alivitoa kimyakimya, akaviwasha, akavifunga kila kimoja kwenye kitambaa chake visipigiane mluzi, akavirudisha. Vikahesabu vyenyewe humo ndani. Sista aliona betri zinaisha mapema, akawalaumu waliozitengeneza.

Tarehe kumi na nne Julai walikwenda kliniki wote watatu. Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja na mwanawe wa miaka mitatu, mzima wa miguu na macho, asiyesikia. Ndiye aliyekuwa anafuata. Mtaalamu alichomeka waya, akasoma, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. "Masaa tisa na nusu kwa siku. Sista, sikutegemea. Hongera." Sista alifungua daftari lake lililosema manne. Akakumbuka betri. Akamtazama Shangazi, na Shangazi akamtazama kwa macho ya kumsihi, huku amempakata Bibi, aliyekuwa ametulia akisikiliza sauti ngeni. Wanaotaka watakatifu wepesi wanasema Sista hakusita. Alisita. Shangazi anashuhudia kwamba mtawa alilifunga daftari, kisha akalifungua tena.

"Si kweli," akasema. "Ni masaa manne."

"Sista, mashine haidanganyi."

"Haidanganyi. Sisi ndio tumeidanganya. Yule mtoto aliye nje anasubiri."

Akasukuma daftari mezani. Mtaalamu alilisoma kwa muda mrefu, ukurasa kwa ukurasa, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba sharti hakuliweka yeye, na hana uwezo wa kulivunja. Akavivua vifaa palepale. Bibi akarudisha ngumi mdomoni. Walipofika kwenye ngazi, Shangazi alisimama. "Umemuuza mtoto ili roho yako ilale salama," akamwambia.

Benchi la chai likapata mkaaji mmoja tu. Shangazi hakumsemesha Sista tena ila kwa maneno ya kazi: shika, geuza, lete. Sista naye, baada ya kila sala ya asubuhi, alimpakata Bibi, akaweka mdomo kwenye mfupa wa nyuma ya sikio lake na kusema kwa nguvu chochote kilichomjia. Mara chache sana ngumi ilisimama. Mara nyingi haikusimama. Aliandika hayo pia, katika daftari jipya. Bibi alifariki kwa homa ya mapafu tarehe tisa Oktoba 2010, akiwa na miaka minne, na kofia ya pamba kichwani. Sista alishona sanda kwa uzi wa nta. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema kwamba alifanya vema.

Daftari la kwanza lilibaki kliniki. Mtaalamu alilisoma mara nyingi, akalipeleka kwa wakubwa wake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaandikia kwa ukweli siku ya mtoto kama yule: usaha, mate, degedege, kichwa kinacholalia kiti. Mwaka 2013 sharti la masaa manane liliondolewa kwa watoto wenye ulemavu zaidi ya mmoja, na walezi wao wakaanza kufundishwa kutoboa viti na kushona kofia. Watoto tisa wa nyumba ile walipata vifaa. Kama namba ile ya uongo ingepita, tunaambiwa, Bibi angesikia mwaka mmoja na zaidi, na hao tisa wasingesikia kamwe. Huenda. Sista alipoelezwa hesabu hiyo alikunja uso akasema, "Msimwambie Shangazi hivyo. Bibi hakuwa namba." Akaenda kufua.

Alipatwa na kiharusi, na baada ya siku chache akafariki, tarehe kumi na sita Mei 2017, alasiri, katika chumba kilekile cha watoto. Aliyemhudumia siku zake za mwisho ni Shangazi, ambaye hakutaka mwingine amguse. Kwa ulimi uliolemaa Sista alimwambia, "Nikirudi leo kliniki, nitasema vilevile. Nisamehe hata hivyo." Shangazi alimgeuza ubavu, akamfuta mdomo.

Yanasimuliwa maajabu kaburini pake, mengine yametiwa chumvi, na Kanisa litayapima kwa wakati wake. Sisi waamini tusingoje maajabu. Tumwige katika lililo gumu: kuusema ukweli, na kisha kutomkimbia yule aliyeumizwa nao, bali kukaa naye chumba kimoja hadi mwisho, bila kujitetea. Tulipokusanya ushuhuda tulimkuta Shangazi amekaa kwenye benchi, macho yameanza kufifia, mkono mmoja kwenye nafasi iliyo wazi kando yake. Tukamuuliza anataka tuandike nini. "Andikeni kwamba sijamsamehe," akasema. "Na andikeni kwamba kila siku ninamwomba aniombee."

Tumeyaandika yote mawili.