Makorongo ya Kurui Niliyoyaita Mashimo

Mkitaka kunicheka nichekeni tu, maana aibu hii niliitafuta mwenyewe na hadi leo nikiikumbuka nakosa raha. Wakati ule watu wanahamia vijiji vya ujamaa, mimi kijana wa idara ya maji nilitumwa kutoka Kibaha kwenda Kurui kupima msongamano wa mito, yaani unajumlisha urefu wa mito yote ya bonde, unagawanya kwa ukubwa wa eneo, ukipata namba ndogo unajua mvua inazama ardhini, ukipata kubwa ujue maji yanakimbilia bondeni kwa fujo na huko chini hapajengwi. Kazi yenyewe ni ya kutembea. Lakini siku hiyo nilivaa suruali mpya ya bugaluu (nyeupe, jamani, kwenda porini!), nikaona nisiichafue, nikamuuliza mwenyekiti wa kijiji, "Mzee, hapa mna mito mingapi?"

"Miwili tu."

Nikapima hiyo miwili kwenye ramani, nikagawanya, namba ikatoka ndogo. Mkutanoni nikaiandika ubaoni kwa mbwembwe, nikatangaza kwamba tambarare ya chini ni salama, wajenge. Bi Zaituni, mjane aliyepangiwa kiwanja huko chini, akasimama.

"Baba, na makorongo umeyahesabu?"

"Mama, mimi nimepima mito, sikuja kupima mashimo."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Masika yalipokolea niliitwa tena. Nyumba saba zilikuwa zimelala chini. Hakufa mtu, namshukuru Mungu, ila nyumba ya Bi Zaituni ilibaki fremu ya mlango tu, na mbegu zake zote za mpunga zilikwenda na maji. Mkuu wangu akanisimamisha mbele ya kijiji nieleze hesabu yangu, nikaieleza, na mwenyekiti akashangaa kweli kweli.

"Lakini mwanangu, wewe uliuliza mito. Mto kwetu ni ule usiokauka. Makorongo yanayojaa masika tu tunayo kumi na moja, ungeuliza tungekuonyesha."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimebomoa nyumba za watu kwa ajili ya suruali!

Tangu siku ile siandiki namba ya bonde nisilolitembea kwa miguu yangu, na sitaandika. Lakini hilo halikumsaidia Bi Zaituni. Alinisogelea, matope hadi magotini, akaniuliza bila hasira, "Sasa baba, nijenge wapi?" Wote wakanigeukia, wanamsubiri mtaalamu.

"Sijui, mama," nikasema, na hilo ndilo neno la kweli la kwanza nililowaambia watu wale.