Shahidi Asiyetaka Hata Kijiko

Tulipooana, mimi na mume wangu tulipanga chumba cha uani kwa Mgiriki mmoja, pale Utemini, mjini Singida. Alikuwa fundi wa kuchimba visima. Alikuja kabla ya uhuru kwa mkataba mfupi, mkataba ukaisha, yeye akabaki. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na nyumba ya bati, tangi kubwa la kukingia maji ya mvua, gramafoni, na punda aliyezurura uani kama ndiye baba mwenye nyumba. Kiswahili chake alikiokota visimani, kwa hiyo nusu yake ilikuwa Kinyaturu, na akikasirika kilibaki Kinyaturu kitupu.

Azimio la Arusha lilikuwa bado jipya wakati Mgiriki mwenzake alipofia huko Arusha bila kuacha wosia. Nyumba ya marehemu ikafungwa kwa kufuli. Dada yake kule kwao akawa analeta barua, mpishi wake anadai aliahidiwa kitanda, na hakuna aliyejua nani amsikilize nani. Mgiriki wetu alirudi kutoka mazikoni akiwa mpole kupita kawaida, na kesho yake akaenda kumwona hakimu.

Aliporudi alitukuta barazani, mume wangu kwenye cherehani yake, mimi napepeta mtama.

"Ardhi si yangu," alituambia. "Ardhi ya taifa. Mimi narithisha nyumba, na vitu vya ndani, na punda."

"Na mali ya kwenu je?" mume wangu akauliza.

"Kule kuna miti ya zeituni, mimi na dada yangu. Hakimu anasema ya kule niandike kule, kwa sheria ya kule. Ya huku niandike huku. Na nisije nikasema kwenye mmoja kwamba nafuta wosia zote, maana nitafuta na ule mwingine."

Tukatikisa vichwa kama watu walioelewa.

"Sasa nataka mashahidi wawili. Karani wa mahakama atakuwa mmoja. Mwingine nimpeleke mimi, mtu mzima anayenijua. Lakini shahidi hapati kitu. Hata nikimwandika, haki yake inapotea." Akatutazama mmoja mmoja. "Nani atanishuhudia?"

Mume wangu akagundua ghafla kwamba uzi umekatika. Mimi nikasema naenda kuangalia uji, na uji siku hiyo sikuwa nimeupika. Ukweli ni kwamba macho yangu yalikuwa kwenye tangi. Anayebeba maji kichwani kila asubuhi atanielewa.

Akamwendea balozi wetu wa nyumba kumi. Balozi alisimama wima kabisa. "Mimi binafsi sina tamaa," alisema. "Lakini nyumba hii ingefaa sana kwa ofisi ya shina letu la chama. Siwezi kusaini nikalinyima shina haki yake." Akamwendea muuza nyama sokoni. Huyo ndiye aliyeumia kuliko wote. "Miaka yote nakuwekea maini, kumbe mimi kwako ni shahidi tu?"

Basi ndivyo ilivyokuwa kila alikokwenda. Kumwomba mtu awe shahidi ilikuwa sawa na kumwambia usoni kwamba hayumo. Na waliokuwa hawajaombwa wakajihesabu kuwa wamo, wakaanza kuja. Huyu na kuku, yule na asali, mwingine na ugali wa uwele wa moto na mlenda wake. Kila mmoja alimwamkia kwa heshima ambayo hatukuwa tumeiona kabla, akamwuliza hali ya mgongo. Mgiriki naye akanogewa. Akiulizwa wosia umefikia wapi, alishika kidevu akasema, "Bado nafikiria." Mume wangu alimpanulia suruali, akampanulia tena, mwisho akamwambia kitambaa cha ndani kimekwisha, akitaka zaidi itabidi waongeze kipande cha rangi nyingine.

Katikati ya hayo akaja mama mkwe wangu kutoka Ilongero. Alikuwa mjane, mwimba kwaya, mfupi, na hakuna mtu niliyemwogopa kama yeye. Alileta uwele, akauanika mkekani uani, akaingia ndani kupumzika. Alipotoka, punda alikuwa amekula upande mmoja wa mkeka na anaanza wa pili.

Mama alimfukuza punda kwa mwiko, kisha akamgeukia mwenye punda. Nilisimama nyuma ya mlango nimejishika mdomo.

"Mzee mzima unafuga mwizi!"

"Nitakulipa, mama. Nina kuku wengi, chukua kuku."

"Sitaki kuku wako. Sitaki kitu chako chochote. Hata kijiko!"

Uso wa Mgiriki ukabadilika taratibu, kama mtu aliyesikia maji chini ya mwamba.

"Hata kijiko?"

"Hata kijiko."

"Na nikikupa nyumba?"

"Nitakurudishia na bati zake!"

"Mama," akasema, "vaa viatu. Twende mahakamani."

Nilimsindikiza mama. Hakimu alimwuliza kama ameelewa kwamba akishuhudia hatapata chochote, naye akajibu kwamba hilo ndilo lililomleta. Karani akamsogezea kidau cha wino ili aweke dole gumba. Mama akakisukuma pembeni. Alikuwa mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima, na hakuwa amekwenda darasani bure. Akaandika jina lake lote, la ubatizo, la baba na la babu, herufi moja moja, huku ulimi umetoka nje. Hakimu alisubiri. Karani alikwenda kunywa chai akarudi, akamkuta kwenye jina la babu.

Habari zilipoenea kwamba wosia umefungwa, chakula kikakatika siku hiyohiyo. Kuku hawakuja tena, wala asali, wala watu wa kuuliza mgongo. Mgiriki alikaa barazani akitazama njia. Mama mkwe akamwonea huruma, akaanza kumpelekea mlenda, huku akimgombeza kwa jinsi anavyokula. "Mimi angalau anajua simtegi," aliniambia. Mama aliporudi Ilongero, Mgiriki akakumbuka kwamba kisima cha kule kinahitaji kuangaliwa. Akakiangalia wiki nzima. Akarudi, akakumbuka kwamba hakukiangalia vizuri.

Siku moja alikuja kusimama mbele ya cherehani, amevaa koti, kofia mkononi.

"Nataka kumwoa mama yako," alimwambia mume wangu.

Mume wangu alishona mkono wa shati ukaungana na mfuko. Akiufumua, aliuliza, "Sasa mimi nitakuita nani?"

"Baba."

Mume wangu akapiga hesabu. "Baba huwa hamtozi mwanawe kodi ya chumba."

Mgiriki akakubali papo hapo, na hayo ndiyo mazungumzo ya posa niliyoyasikia kwa masikio yangu. Ng'ombe walipelekwa baadaye, kwa utaratibu, Ilongero kwa wajomba.

Walifunga ndoa bomani. Dada yake Mgiriki alituma kopo la zeituni kutoka kwao. Mama alitafuna moja, akaitema kwenye kiganja, akaniuliza kwa Kinyaturu hao watu wamemkosea nini Mungu.

Na hapo hakimu, aliyekuwa miongoni mwa wageni, akampongeza bwana harusi na kumwambia, "Mzee, kwa sheria inayokuhusu wewe, ukioa, wosia wako wa zamani umekufa. Andika mwingine."

Alisema kwa sauti ya chini, lakini muuza nyama alikuwa karibu. Asubuhi kuku walianza kurudi. Tofauti ni kwamba sasa mlango ulifunguliwa na mama mkwe. "Weka hapo," alimwambia kila mmoja. "Asante. Ngoja nikuandike uwe shahidi." Wengi waliondoka bila hata kudai kikapu.

Mwisho alimwita balozi, akamkalisha, akamwambia bila kuzunguka kwamba nyumba ni yake yeye mke na shina lisitegemee hata dirisha. Balozi alishusha pumzi ndefu. Kwa kuwa hakuwa na cha kupoteza, alikwenda akasaini, na nadhani alilala vizuri kuliko miezi yote iliyotangulia.

Mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipofariki tulimzika Ilongero, kama alivyoomba, na kwaya ya mama iliimba hadi sauti zikakauka. Mahakamani hapakuwa na ugomvi wowote. Hakimu mpya alisoma wosia, akauliza kama kuna mwenye pingamizi, watu wakatazamana. Mama alilia pale, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akasema hakuwahi kutaka vitu vya yule mtu. Mume wangu alimshika mkono, tukarudi naye nyumbani kwa miguu, polepole, kwa sababu alikuwa amevaa viatu vipya na vilikuwa vinambana.