Taya la Shamba la Miwa

Wenzangu, nashuku binadamu wa kale niliyemgundua ni jirani yetu.

Mnakumbuka lile taya la chini nililolichimbua shambani kwetu Muhoroni? Mwalimu wa historia anataka kulipeleka makumbusho ya Nairobi, pamoja na jina langu.

Leo nimeliosha. Meno sita ya mbele hayapo, na mfupa ulishafunga mashimo yake vizuri mwenyewe akiwa bado hai.

Nikamwuliza bibi yangu, "Dani, ninyi mliong'olewa meno ujanani kwa mila yetu, yalikuwa mangapi?"

"Sita ya chini. Kwani unataka kuning'oa yaliyobaki?"

Nikamwonyesha taya.

Akaacha kucheka. "Huyu ni mtu wetu. Twende tumrudishe."

Amesimama mlangoni na jembe, ananingoja. Nami nilikuwa nimeshaliona jina langu kwenye ukuta wa makumbusho.

Ninyi mngemwambia nini mwalimu?